Kicheko cha Mstarini

Saa moja na nusu asubuhi lango la shule ya msingi limefungwa, na wachelewaji wamepangwa mstari mbele ya mwalimu wa zamu. Mvulana wa darasa la tano ananyoosha mikono. Fimbo moja kiganja cha kushoto, moja cha kulia. Anakunja vidole, anavipuliza, anaipachika mikono kwapani, kisha anawageukia wenzake na kucheka. Wenzake nao wanacheka. Mwalimu anatikisa kichwa na kutamka neno ambalo wazazi na walimu wa Afrika Mashariki wamelitamka vizazi na vizazi: "Watoto hawa hawasikii."

Neno hilo lina maana mbili, na uwanjani pale zote mbili hutumika kwa mpigo mmoja. Hasikii, yaani hashiki amri. Hasikii, yaani haumii. Na kwa kuwa fimbo mbili hazikusikika, kesho zitakuwa tatu.

Imani kwamba mtoto ana ngozi ngumu na kumbukumbu fupi haiishi shuleni tu. Zahanati nazo zina ya kwao: mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto hubadilishwa bandeji huku ameshikwa na watu wazima wawili, akiambiwa anyamaze kwani haiumi. Nyumbani, mwenye jino bovu huambiwa ajikaze kisabuni. Msibani, aliyefiwa na mama hupelekwa kwa jirani akacheze, kwa kuwa bado mdogo na hajui kitu. Wanaoishikilia imani hii si watu wabaya. Wengi ni wazazi wenye mapenzi, na walimu wenye madarasa yaliyofurika, ambao wenyewe walilelewa hivyo hivyo. Lakini wamekosea, na wanaolilipia kosa hilo ni watu wasio na kauli katika shauri lao wenyewe.

Mtoto wa kati ya miaka sita na kumi na tatu huumia kama anavyoumia mtu mzima, mwilini na moyoni. Kinachotokea katika umri huo ni kwamba anajifunza kuficha, naye hufuzu upesi. Watu wazima wanakitazama kificho hicho na kukiita ukomavu.

Ni haki kukumbuka kwamba hata madaktari waliamini vivyo hivyo, tena wakiwa na maandishi ya kuwaunga mkono. Mwaka 1968 nchini Marekani, Swafford na Allan waliandika katika jarida la tiba kwamba mgonjwa mtoto ni nadra kuhitaji dawa ya kutuliza maumivu. Miaka tisa baadaye muuguzi Joann Eland aliamua kuhesabu. Alilinganisha watoto 25 wa miaka minne hadi minane waliofanyiwa upasuaji na watu wazima 18 wenye matatizo yanayofanana na yao. Watoto 13 hawakupewa dawa yoyote ya maumivu muda wote waliolazwa. Watoto wote kwa jumla walipata dozi 24. Watu wazima, ambao idadi yao ilikuwa ndogo, walipata dozi 671.

Kwa watoto wachanga hali ilikuwa mbaya zaidi. Hadi miaka ya 1980, wengi walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na usingizi hafifu tu, kwa hoja kwamba neva zao hazijakomaa kiasi cha kuhisi. Daktari Kanwaljeet Anand na wenzake, waliokuwa Oxford, Uingereza, waliijaribu hoja hiyo. Utafiti wao wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba vichanga waliopasuliwa bila dawa kali ya maumivu miili yao ilifurika homoni za mfadhaiko, na baada ya upasuaji walipata matatizo mengi kuliko wenzao waliopewa dawa hiyo. Kumbe mwili ulikuwa ukipiga kelele wakati wote, na waliokuwa chumbani hawakuwa na masikio ya kuisikia.

Hospitali zilianza kubadilika kwa nguvu ya ushahidi kama huo, ingawa si zote na si kila mahali. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu watoto wa Kenya wenye maradhi mazito walioachwa wateseke, huku morfini, dawa isiyo ya gharama kubwa, ikikosekana katika hospitali nyingi za umma. Nje ya hospitali mabadiliko yamekuwa haba zaidi. Imani ya mwaka 1968 bado imesimama langoni mwa shule.

Kwa nini basi mvulana yule alicheka?

Mtoto wa miaka mitatu akijikwaa hulia mahali pale pale alipoangukia, na kilio chake humleta mama. Akianza shule anagundua kwamba kilio kina bei. Atakayelia ataongezwa. Atakayelia ataitwa mtoto wa mama, na jina hilo litamfuata hadi darasa la saba. Huo ndio umri ambao mtoto huanza kujitazama kwa macho ya wenzake, na kujua kwamba anaweza kuumia ndani huku uso ukisema mengine. Watafiti Gaffney na Dunne, waliowauliza watoto 680 wa shule nchini Ireland maumivu ni nini, walibaini pia kwamba wengi walidhani maumivu humjia mtu kwa sababu ya kosa alilotenda. Mtoto wa namna hiyo akiumwa tumbo hudhani ameadhibiwa, na anayedhani ameadhibiwa hatangazi. Hukaa kimya akitafuta kosa lake.

Hapo ndipo jicho la mtu mzima linapopotea njia. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu wazima video moja ya mtoto wa miaka mitano akitobolewa kidole ili atolewe damu. Baadhi waliambiwa mtoto huyo ni wa kiume, wengine wakaambiwa ni wa kike. Video ilikuwa ile ile, kilio kile kile, lakini walioambiwa ni wa kiume walisema mtoto ameumia zaidi. Jina tu lilitosha kubadilisha kipimo. Shirika la kimataifa la wataalamu wa maumivu lilipoipitia upya tafsiri yake ya maumivu mwaka 2020 lilisisitiza kwamba kauli ya mtu kuhusu maumivu yake iheshimiwe, na kwamba maneno ni njia mojawapo tu ya kuyaeleza. Waswahili hawakuhitaji kusubiri mwaka huo. Walikwisha kusema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tena kumwuliza mtoto si kazi ngumu. Tangu miaka ya 1980 wauguzi wamekuwa wakitumia safu ya nyuso sita zilizobuniwa na Donna Wong na Connie Baker kule Oklahoma, kuanzia uso unaotabasamu hadi unaobubujikwa machozi. Mtoto huonyesha kwa kidole ule unaofanana na hali yake. Wa miaka minane na kuendelea wengi wanaweza hata kutaja namba kutoka sifuri hadi kumi. Nyuso hizo zinaweza kuchorwa kwa chaki ubaoni.

Hoja inayotolewa mara nyingi kuliko zote ni hii: mbona anacheza? Mtoto aliyesema mguu unamwuma asubuhi anaonekana saa nne akifukuza mpira wa makaratasi, basi anahesabiwa mwongo. Lakini ubongo haupokei maumivu kama ndoo inavyopokea maji. Watafiti Melzack na Wall walieleza mwaka 1965 kwamba kuna mithili ya lango katika uti wa mgongo, na akili iliyoshughulika na jambo jingine inaweza kulisukuma lango hilo lifunge kidogo. Mchezo hufanya kazi hiyo. Mtoto anayecheza huku anaumwa ametafuta dawa aliyoweza kuifikia. Mchezo ukiisha, maumivu humkuta palepale.

Hakuna wanaolijua hili kama watoto wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Wataalamu hukadiria kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na sehemu ya mwili inayokosa damu huuma kwa namna ambayo watu wazima wenye ugonjwa huo hushindwa kuisimulia. Mifupa ya miguu, mgongo, kifua. Uvimbe hauonekani kila mara, kidonda hakipo, homa inaweza isiwepo. Kinachoonekana ni mtoto aliyejikunja kwenye dawati wakati wenzake wameinuka kumwamkia mwalimu.

Yanayomzindulia maumivu yanajulikana: baridi, kiu, uchovu mkubwa, maambukizi. Sasa zitazamwe adhabu za kawaida za shule. Kupiga magoti juani bila maji. Kuruka kichura kuuzunguka uwanja. Kuchimba kisiki. Kukatazwa kutoka nje wakati wa kipindi, ilhali mwenye selimundu anatakiwa anywe maji mengi na figo zake humpeleka chooni mara kwa mara. Mwalimu asiyejua hili anaweza kumpeleka mtoto wodini kwa adhabu ambayo kwake ni ndogo. Mtoto naye, aliyekwisha kuitwa mvivu na kutaniwa kwa macho yake ya njano, atachimba hicho kisiki bila neno. Akirudi shuleni baada ya wiki mbili za kulazwa, kuna atakayemwuliza kama amemaliza likizo yake.

Wapo wenye hoja nyingine: watoto husingizia. Jumatatu tumbo, Ijumaa sherehe. Daktari wa watoto John Apley wa Bristol, Uingereza, alilichukulia tumbo hilo kwa uzito. Mwaka 1958 yeye na mwenzake Naish walitoa matokeo ya kuwachunguza watoto 1,000 wa shule, na wakakuta takriban mmoja katika kila kumi anaumwa tumbo linalorudi mara kwa mara kiasi cha kumkatizia shughuli zake. Kwa walio wengi hakuonekana kidonda wala mdudu. Kilichoonekana mara nyingi ni wasiwasi na misukosuko ya nyumbani. Apley hakuwaita waongo. Aliandika kitabu kizima kuwahusu, kwa sababu alielewa kwamba tumbo la mtoto mwenye hofu linauma kwelikweli: misuli yake hukaza, neva zake huwa nyepesi kushtuka, chakula hakitulii. Mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu ana habari ya kutoa kuhusu Jumatatu. Pengine siku hiyo kuna jaribio la hesabu linalochapiwa kila swali lililokosewa. Pengine kuna mkubwa wa darasa la saba anayemnyang'anya hela ya maandazi njiani.

Kiswahili chenyewe kinakataa kutenganisha mwili na moyo. Jino linauma, na roho inauma. Uchungu ni wa dawa ya mwarobaini, ni wa mama anayejifungua, ni wa mfiwa. Moto unachoma, maneno yanachoma. Wenye lugha hii walijua tangu zamani kwamba anayeumia ni mtu mmoja, lakini wajukuu wao wanapofika kwa mtoto wanaigawa elimu hiyo vipande viwili na kuvitupa vyote.

Septemba 2019, katika Kaunti ya Bomet nchini Kenya, msichana wa miaka 14 alirudi nyumbani kutoka shule na kujitoa uhai. Mama yake alivieleza vyombo vya habari kwamba hedhi ilikuwa imechafua sare ya binti yake, na kwamba mwalimu alimwita mchafu na kumtoa nje ya darasa. Hakukuwa na fimbo. Miaka miwili kabla, mwaka 2017, Kenya ilikuwa imepitisha sheria ya kuwapatia wasichana wa shule sodo bila malipo. Sheria hiyo ilitambua hitaji la mwili. Hakuna sheria inayoweza kupima uzito wa neno moja kwa mtoto ambaye umri wake wote umeelekea kwenye swali la wenzake wanamwonaje.

Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa walikuwa wamepigwa au kuumizwa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba kiasi cha nusu ya wote waliohojiwa walifanyiwa hivyo na walimu. Takriban robo walisema wamefanyiwa ukatili wa kihisia. Waliojibu walikuwa na umri wa miaka 13 hadi 24. Wengi walikuwa wakisimulia mambo ya utotoni. Hawakuwa wamesahau.

Hili la kusahau linastahili kujibiwa kwa ukamilifu, kwa kuwa ndilo linalowapa watu wazima usingizi. Mwaka 1997 mfamasia Anna Taddio na wenzake wa Toronto, Kanada, waliripoti kwamba watoto wa kiume waliotahiriwa wakiwa wachanga waliumia zaidi walipochomwa chanjo wakiwa na miezi minne au sita kuliko wasiotahiriwa. Waliopakwa dawa ya ganzi wakati wa tohara walipungukiwa na hali hiyo. Kichanga hana neno la kukumbukia, lakini neva zake zilikuwa zimeandika. Kwa watoto wa shule, mwanasaikolojia Melanie Noel, naye wa Kanada, aliwaomba wa miaka minane hadi kumi na miwili watie mkono kwenye maji baridi sana, akawauliza wameumia kiasi gani, kisha akawauliza tena baadaye wanakumbuka nini. Kumbukumbu yao ndiyo iliyotabiri vizuri zaidi wangeumia vipi mara ya pili, kuliko hata maumivu waliyoyataja siku ile ya kwanza. Kwa maneno mengine, maumivu ya leo yasiyozungumzwa yanamsubiri mtoto kwenye sindano ya kesho.

Linabaki lile la mwisho, lenye mizizi mirefu. Watu waliochapwa wakawa mawaziri, madaktari na maprofesa. Jando lilikuwa kali na likatoa wanaume. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Jando lina somo, ila si hilo linalodaiwa. Mwari wa Pwani au wa kusini mwa Tanzania hakuambiwa kwamba kisu cha ngariba hakiumi. Jamii nzima ilijua kinauma. Ndiyo maana ziliwekwa ngoma, kukawa na kungwi wa kumuuguza na kumfunza kumbini, na wenzake wa rika lake wakalala naye bega kwa bega hadi jeraha likapona. Wapo walioumizwa vibaya, wapo waliokufa, na hakuna sababu ya kulipamba. Lakini maumivu yale yalikiriwa kuwepo, na mwenye maumivu hakuachwa peke yake. Mtoto wa mstarini ana fimbo bila kungwi.

Ama waliochapwa wakawa wakubwa, hakuna aliyewahesabu waliochapwa wakaacha shule. Kinachoweza kuhesabiwa kimehesabiwa. Tobias Hecker na wenzake waliwahoji watoto 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania, wa darasa la pili hadi la saba. Asilimia 95 walikuwa wamewahi kuchapwa na mzazi au mlezi. Kadiri adhabu zilivyokuwa kali ndivyo watoto walivyokuwa wagomvi zaidi, wenye hofu na huzuni zaidi, na wenye matokeo hafifu darasani. Mtu anaweza kusema kwamba wagomvi ndio wanaochapwa sana, na uchunguzi wa siku moja hauwezi kumjibu. Kule Luwero, Uganda, lilijaribiwa swali jingine: fimbo ikipungua, masomo yatashuka? Katika shule 42 za msingi, nusu ziliwekwa kwenye mpango wa shirika la Raising Voices wa kuwafundisha walimu nidhamu isiyo ya kupiga. Baada ya miezi kumi na minane, waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule za mpango, na karibu 49 katika shule nyingine. Alama za masomo hazikutofautiana. Kama fimbo ndiyo inayofundisha, shule zilizoipunguza zingepaswa kuporomoka.

Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001 na Uganda iliviharamisha kwa sheria mwaka 2016, ingawa katika nchi zote mbili fimbo haijaisha. Tanzania Bara bado inaviruhusu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe kwa kosa kubwa, na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Mchelewaji anayechapwa langoni hana hata ulinzi huo mdogo. Agosti 2018 mjini Bukoba mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma za kuiba mkoba. Mkoba haukuwa kwake. Mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Wengi walisema ni mwalimu mmoja aliyepitiliza. Lakini mtu huanza kupitiliza pale anapoamini kwamba aliye mbele yake hasikii.

Kuachana na imani hii hakuhitaji fedha za wafadhili. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2018, na mwaka 2024 ikatoa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14, wengi wao wakichanjwa shuleni. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa mwongozo mwaka 2015 kuhusu namna ya kupunguza maumivu ya chanjo. Mtoto aketi wima badala ya kulazwa na kukandamizwa. Mchanjaji awe mtulivu. Na asimdanganye. Yule anayesema "haitauma" kisha akachoma amemfundisha msichana wa miaka tisa kwamba neno la mtu mzima halina thamani inapokuja habari ya mwili wake, na huyo ndiye anayetarajiwa kuja kusema siku akiguswa vibaya. Anaweza kuambiwa kwamba itauma kidogo, avute pumzi, atazame dirishani. Baadaye aulizwe ilikuwaje, na asifiwe kwa alichokifanya. Kiswahili kina hata neno la kufungulia mazungumzo hayo, ambalo watu wazima hupeana bure kwa mafua, kwa safari, hata kwa kujikwaa. Ni "pole". Kuna watoto wanaomaliza wiki nzima bila kulisikia.

Mwalimu wa zamu amekwisha kuondoka. Kengele imelia, mstari umetawanyika, na mvulana wa darasa la tano ameingia darasani akiwa bado ameficha mikono kwapani. Kipindi cha kwanza ni hisabati. Anaitoa kalamu kwenye mfuko wa kaptula, anaishika kwa ncha za vidole vitatu ili isiguse kiganja, na kuanza kunakili zoezi kutoka ubaoni.